Nimemfukuza Mama Mkwe kwa Mtambo wa Tembo, Sasa Ninunue Boksi Lipi?

Mpendwa Shangazi Scholastica, shikamoo.

Naomba msaada wako kabla ya Jumamosi, maana Jumamosi fundi Makoye anasafiri kwenda Mwanza kufuata vifaa na amesema nimpe jibu ninataka boksi lipi, na mimi maboksi yenyewe siyajui, na nikikosea safari hii mke wangu ataniacha na sufuria moja na bata wawili. Jina langu naomba usilitaje kabisa, kwa sababu mimi ni mtu mzima, ninaimba besi kwenye kwaya hapa Nyamwaga, na watu wananiheshimu, au niseme mpaka mwezi wa tatu walikuwa wananiheshimu.

Nianzie mwanzo. Mama mkwe wangu, Bibi Waisiko, baada ya kufiwa na mzee alihamia kwa mwanawe Werema, ambaye nyumba yake iko juu yetu hapo kilimani, na njia ya kushuka ni moja tu, inapita katikati ya migomba, inafika kwenye mparachichi, inakata kona, na ghafla mtu yuko katikati ya uwanja wangu. Sasa Shangazi unaijua desturi yetu Wakurya, mwanamume na mama mkwe wake hawakutani uso kwa uso, hawashikani mikono wala hawali pamoja, akija yeye mimi ninajiondoa kwa heshima, na miaka tisa tumeishi hivyo bila shida, yeye akifika kwenye mparachichi anakohoa mara tatu, mimi nikisikia ninaingia shambani, yeye anapita mpaka jikoni kwa mwanawe Eunice, ambaye ndiye mke wangu, wanaongea yao, akiondoka anakohoa tena, mimi ninarudi. Nilimpenda sana yule mama, ingawa ninachokifahamu zaidi kwake ni kikohozi.

Mwezi wa tatu ndipo nilipoharibu. Eunice alikuwa amejifungua mtoto wetu wa nne, binti, tukampa jina la bibi yake, Waisiko, na kwa utaratibu wa familia yao bibi ndiye anayeshuka kwanza kumpakata mtoto nyumbani kwa baba yake, baada ya hapo ndipo mtoto naye anapandishwa kwa bibi, wala huwezi kugeuza. Siku mama anashuka mimi nilikuwa ninaoga kwenye bafu letu la nje, lile lenye mabati pande tatu na upande wa nne ni imani tu, redio nimeiweka juu ya jiwe nimeifungua mpaka mwisho nasikiliza kipindi chako, Shangazi, na wewe siku hiyo ulikuwa unamgombeza yule mwanamume wa Sirari mwenye simu tatu, mimi ninacheka, sabuni imejaa usoni, kikohozi sikukisikia, nikatoka kufuata taulo kwenye kamba na hapohapo nikasikia mtu anasema "Yesu wangu!", nikaitambua sauti, nikatimua mbio kwenda kujificha, lakini kwa ile sabuni machoni nikakimbilia kulekule aliko.

Sitaeleza zaidi. Wazee walikaa, nikatoa mbuzi, kwa wazee yakaisha. Kwa mama hayakuisha, maana alirudi juu bila kumshika mtoto na hakushuka tena. Eunice hakunigombeza, na Shangazi, ni afadhali mke agombe.

Ndipo nikajiapiza nitatengeneza kitu cha kunijulisha mama akiwa bado yuko mbali. Nikaenda kwa Makoye, Msukuma mmoja aliyekuja huku kufuata dhahabu, dhahabu ikamkataa, akafungua kibanda cha kutengeneza simu, na siku hizi anauza na haya maboksi ya kujifunzia, ambayo ndani kuna bodi ndogo ya kuenea kiganjani, ni kompyuta isiyokuwa na kioo, unaiandikia maelekezo kwa kutumia kompyuta ya kawaida, halafu kuna vidude vinaitwa vihisi unavyoviunganisha kwa nyaya, kimoja kinahisi mwanga, kingine joto, kingine mtu akipita, basi kikihisi kinaiambia bodi na bodi inawasha taa au inapiga king'ora. Nikamweleza shida yangu yote mpaka sabuni. Akasema, "Hilo dogo. Kule Kisaka nimewafungia watu kwa ajili ya tembo, tembo akisogelea mahindi tu, kinalia."

Nikamwambia, "Makoye, mama mkwe wangu si tembo."

Akanijibu, "Baba, kihisi hakina ubaguzi."

Akaniazima boksi kubwa nijaribu kwanza, lina vihisi thelathini na saba. Wiki mbili nzima bodi ilikataa kupokea hata neno moja, nikaizima, nikaiwasha, nikaiombea, kumbe waya niliokuwa ninatumia ni wa kuchaji simu tu, haupitishi maelekezo, na Makoye alikuwa anajua ila alidhani na mimi ninajua. Nilipopata waya wa sawasawa nikakuta vihisi vyenyewe havijaandikwa majina, vimejazwa kwenye mfuko kama dagaa, ikabidi nibahatishe, na cha kwanza nilichokifunga pale kwenye mparachichi hakikulia watu wakipita, kililia nikipita mimi, tena Jumapili jioni tu, mpaka Eunice akagundua kuwa kile ni cha kuhisi pombe, akakitoa kwenye mti akakitundika kwenye mlango wa chumba chetu, na kati ya vyote thelathini na saba hicho ndicho pekee ambacho mpaka leo hakijakosea hata mara moja.

Nikakipata cha kuhisi mtu akipita. Makoye akanifungia na spika yake ile ya Kisaka. Shangazi, nimeteseka. Mbuzi akipita kinalia, ninakimbilia kwenye migomba. Kuku akipita kinalia, ninakimbilia kwenye migomba. Siku moja nilihesabu nimejificha mara thelathini na moja, palizi sijamaliza, jirani yangu Godwin akaja kuniuliza kwa upole kama ninatafutwa na polisi, na nikiwa ninamjibu kikalia tena nikamwacha amesimama peke yake.

Sasa Jumanne ya juzi mama alishuka. Baada ya miezi yote hiyo aliamua mwenyewe, akabeba uji wa ulezi kwenye kibuyu amletee mwanawe, akafika kwenye mparachichi, na kabla hajakohoa king'ora cha tembo kikampigia sikioni. Kibuyu kilianguka, uji ukamwagika wote. Mimi nilikuwa nimejificha hapo karibu nikamsikia kwa masikio yangu anasema, "Nimezeeka, lakini sikujua kuwa nimeshakuwa mnyama wa porini." Akageuka akapanda kilima polepole sana, na mimi nikakaa chini kwenye migomba nikalia, mwanamume mzima.

Mtoto ana miezi minne sasa, ameanza kucheka kwa sauti, na bibi yake hajakisikia hicho kicheko. Eunice ameniambia, "Mama asipompakata huyu mtoto kabla mwezi haujaisha, utaratibu nitauvunja mimi mwenyewe, nitapanda kwa Werema na watoto wote wanne, na wewe hiyo bodi ikupikie."

Makoye anasema kosa ni la boksi, yaani halitoshi, anataka aniletee kutoka Mwanza lingine lenye kamera inayotambua sura, ila anataka nimpelekee picha za mama mkwe, ya mbele na za pembeni zote mbili. Nilipomwambia Eunice kuhusu picha alikwenda jikoni akaanza kutenga masufuria. Mwalimu Jenipha, anayefundisha fizikia hapa sekondari, ndiye aliyekuwa ananiazima kompyuta, yeye anasema nichukue boksi dogo la kuanzia, lina vihisi vitano tu, cha mwanga, cha joto, cha umbali, cha maji na kitufe. Shangazi, kitufe nacho ni kihisi? Si ni swichi tu hiyo ya kubonyeza? Halafu juu ya kifuniko kuna picha ya mtoto anacheka, nami nitalipitishaje boksi kama hilo mbele ya wanakwaya?

Sasa nichague lipi, nibaki na la thelathini na saba, nichukue la kamera, au niaibike na la mtoto? Nisaidie, ninataka mama ampakate mjukuu wake.

Ni mimi, Mkwe Mwenye Aibu, Nyamwaga, nyumba ya bati la bluu ukishapita mashine ya kusaga.

SHANGAZI SCHOLASTICA ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Barua yako niliisoma mara ya kwanza nikacheka mpaka fundi mitambo akaingia kuuliza kama niko salama. Nikaisoma mara ya pili, nikamfikiria yule mama na kibuyu chake, kicheko kikakata. Kwa hiyo nitakugombeza kwa kiasi, halafu nitakusaidia.

Kwanza hilo la jina. Umeniomba nisikutaje, nami sikukutaja. Ila wewe umetaja besi, bati la bluu, mashine ya kusaga na mkeo kwa jina lake, kwa hiyo wenzako wa kwaya saa hii wameshakujua na wamekaa wanacheka. Na la redio lawama yangu nimeipokea. Ule upande wa nne wa bafu ni wako. Kata miti leo, uuzibe.

La kamera usilirudie mbele ya watu wazima. Desturi inakuambia usimtazame mama mkwe usoni, wewe unataka kuitafutia mashine imtazame kwa niaba yako, mbele na pembeni? Makoye msamehe, desturi si yake, naye ni mfanyabiashara. Wewe hujasamehewa.

Sasa boksi. Mtu akitumwa chumvi harudi na duka zima. Boksi la vihisi thelathini na saba ni la mtu ambaye tayari anajua anachokitafuta, na wewe ulikuwa hujui hata waya wa kuchaji na waya wa kupitisha maelekezo. Chukua dogo, lile la Mwalimu Jenipha. Mwambie Makoye kabla hajalipa alifungue hukohuko dukani aangalie: bodi iwe imeshachomelewa miguu yake, maana wewe ukipewa risasi ya kuchomelea na moto utachoma nyumba, kila kihisi kiwe kimeandikwa jina, waya wake uwemo ndani na uwe wa kupitisha maelekezo, na kitabu chake kiwe cha picha nyingi. Bodi yenyewe iwe ya ile aina inayotumiwa na watu wengi, hata kama si mpya sana, kwa sababu siku ikikugomea utataka mtu wa kumuuliza, na mtu huyo unaye hapo sekondari. Siku ya kwanza usifunge chochote kwenye mti wowote. Washa taa moja, izime. Ukiweza hilo ndipo uendelee. Na picha ya mtoto kwenye kifuniko isikusumbue, sisi sote tulijifunza kusoma kwenye kitabu chenye picha ya jogoo na hatukuwa vifaranga.

Lakini nikuambie ukweli ambao Makoye hakukuambia: hata boksi kubwa halikuwa na kosa. Kile kihisi kinajua jambo moja tu, kwamba kitu chenye joto kimepita. Mbuzi ana joto. Kuku ana joto. Godwin ana joto. Kwa tembo inatosha, maana tembo hapigi hodi, na mwenye mahindi hana haja ya kujua huyu ni tembo yupi. Mama yako yeye alikuwa anapiga hodi siku zote. Kile kikohozi cha mara tatu ndicho kilichokuwa hodi yake, anaitoa mwenyewe, kwa wakati wake, akiwa amesimama mahali pake. Wewe ukaweka mashine imtangaze kabla hajafungua mdomo. Ulimnyang'anya hodi yake, mwanangu, na hicho ndicho kilichomuuma kuliko uji.

Ndiyo maana hicho kitufe ulichokicheka ndicho dawa yako. Ndiyo, kitufe ni kihisi, kinahisi kidole, na kidole ni cha mtu aliyeamua. Kifunge kwenye mparachichi, usawa wa mkono wa mtu mzima asiinuke wala asiiname, ukifunike na kipande cha dumu la mafuta kisilowe. Akibonyeza, taa iwake hapo uwanjani kwako. Taa, nimesema, si king'ora. Wewe ukiiona unajiondoa, na ukishajiondoa unabonyeza kitufe chako cha huko shambani, na pale kwenye mti inawaka taa ya kijani, anajua njia iko wazi. Nyaya ndefu mbili, taa mbili, vitufe viwili, cha pili Makoye akinunue hukohuko Mwanza. Mwalimu Jenipha atakusaidia mchana mmoja. Siku za mvua, bati likipigwa na kikohozi kisisikike, utaniombea dua.

Spika ya tembo irudishe kwa Makoye leo hii, aipeleke Kisaka kwa watu wenye tembo. Kile cha mlangoni kibaki palepale. Hicho hukuniuliza, lakini Eunice ameshakijibia.

Sasa kaa chini, kama umesimama. Barua yako ilinifikia Jumatatu. Jumatano ikaja nyingine kutoka Nyamwaga hiyohiyo, ya mama mtu mzima, mwanawe ndiye aliyemwandikia. Nilimpigia simu kuomba ruhusa ya kuisoma hewani, akakubali. Anasema hivi:

"Shangazi, mkwe wangu ni mtu mzuri sana, hajanikosea ila mara moja na siku hiyo alikuwa na sabuni. Lakini siku hizi nikiwa huku juu ninamwona anakimbilia kwenye migomba, mbuzi akipita anakimbia, kuku akipita anakimbia, mara moja alikimbia na hapakuwa na kitu. Ninauliza, huyu mura, huyu kijana wetu, anaumwa? Kama anaumwa nimpelekee dawa, ila sijui nishukeje. Kukohoa nimekohoa sana hapa nyumbani nikifanya mazoezi, mpaka watu wa zahanati wameniambia nipime kifua. Mimi sina neno na mtu. Nataka tu kujua kuwa njia iko wazi, nishuke, nimpakate wajina wangu."

Umesikia? King'ora hakukitaja. Tembo hakumtaja. Aliuliza kama unaumwa.

Kwa hiyo Jumamosi mwambie Makoye boksi dogo, na wala usilisubiri. Kulileta ni siku kadhaa, kulijifunza ni wiki kadhaa, na mwezi wa Eunice unaisha. Kikohozi bado kipo na hakihitaji betri. Ukikisikia usikimbie tena, umemtisha mama wa watu vya kutosha. Tembea. Mama mkwe hupishwa, hakimbiwi.

Nawe mama yangu, najua unanisikiliza. Mkwe wako haumwi. Ana haraka tu. Chukua kibuyu kingine, ushuke.

Na wewe mwanangu, kazi yangu kwako imekwisha. Izime hii redio sasa hivi, izime kabisa, utoke nje usikilize upande wa mparachichi. Huenda ameshafika, na anakohoa.